Mwanya si pengo: namna ya kuutaja ukuta wenye kuta mbili

Katika vitabu vya uashi vya Ulaya kuna aina ya ukuta ambayo jina lake la Kiswahili bado halijatulia. Ukuta huo hujengwa kwa kuta mbili nyembamba zinazosimama sambamba. Kati ya kuta hizo huachwa nafasi ya milimita 50 au zaidi, kisha kuta hufungamanishwa kwa vipande vya chuma ili zihimili upepo na mzigo kama kitu kimoja. Mfasiri mmoja huuita ukuta wenye uwazi, mwingine ukuta wenye pengo, wa tatu ukuta wenye matundu, na mwalimu aliyechoka kutafuta neno huandika kaviti na kuendelea na somo.

Majina yote manne yanaeleweka kwa msomaji anayeujua ukuta wenyewe. Tabu iko kwa yule asiyeujua, na mwanafunzi wa uashi aliyekulia Dar es Salaam kwa kawaida haujui, kwa kuwa nyumba za mji huo hazijengwi hivyo. Kwake yeye jina ndilo maelezo ya kwanza ya nini kifanyike na nafasi ile. Akiambiwa ni pengo, atataka kuliziba, na kuziba ndiko kunakouharibu ukuta huu. Ndiyo maana uteuzi wa neno hapa si suala la ladha ya mfasiri.

Ukuta unaojulikana

Mwalimu mzuri huanzia kwenye kinachojulikana, na kinachojulikana ni ukuta wa Mikocheni. Kata hiyo ya Manispaa ya Kinondoni, iliyo karibu na bahari, ilipewa jina kutokana na mikoche, miti ya jamii ya mnazi ambayo shina lake hugawanyika matawi. Kiambishi -ni cha mahali kinatukumbusha miti ambayo leo imewapisha watu, kuta na mageti.

Nyumba ya huko hujengwa kwa tofali la saruji na mchanga lenye urefu wa inchi 18, kimo cha inchi 9, na unene wa inchi 5 au 6. Fundi hutaja unene peke yake: tofali za inchi tano, tofali za inchi sita. Kamusi huliweka neno hili katika ngeli ya LI-YA, yaani tofali hili, matofali haya, lakini mahali pa kazi wingi wake ni tofali hizi, na bei hutajwa hivyo hivyo. Mfasiri wa kitabu cha darasani afuate kamusi. Mwandishi wa mazungumzo ya mafundi anaweza kufuata mafundi.

Vitenzi viwili huamua unene wa ukuta huo. Tofali likilazwa, upana wake wa inchi 9 huwa ndio unene wa ukuta. Likisimamishwa, ukuta huwa na unene wa inchi 5 au 6 tu. Msingi mara nyingi hulazwa, na kuta za juu husimamishwa. Kwa maneno kulaza na kusimamisha, mafundi wa Tanzania wamekwisha kusema kitu ambacho vitabu vya kigeni hukieleza kwa vipimo na michoro, na mfasiri hana sababu ya kuyakwepa. Kila mstari wa tofali huitwa kozi. Juu ya milango na madirisha hupita linta, mara nyingi ikiwa sehemu ya mkanda wa zege wenye nondo unaoizunguka nyumba nzima. Baadaye ukuta hupigwa lipu ndani na nje.

Anayejenga ni mwashi, na neno hili lina historia inayofaa kuelezwa darasani. Linatokana na kitenzi cha zamani aka, kujenga kwa mawe na chokaa, ambacho leo watu wachache hukitumia peke yake. Sauti k iligeuka kuwa sh mbele ya kiishio -i, kama ilivyokuwa katika pika na mpishi, andika na mwandishi, cheka na mcheshi. Kitenzi kimefifia, lakini mtendaji wake angali kazini.

Neno ukuta lenyewe linahitaji uangalifu. Katika matangazo ya nyumba za kupanga Mikocheni, nyumba yenye ukuta si nyumba yenye kuta, kwani nyumba gani haina? Ni nyumba iliyozungushiwa uzio wa tofali. Vivyo hivyo, anayesema jirani yake amejenga ukuta hasemi habari za chumba. Mfasiri anayeandika ukuta wa nje bila maelezo zaidi anaweza kumfanya msomaji afikirie uzio ulio barabarani, ilhali anayemaanisha ni upande wa nyumba unaopigwa na mvua. Kiambaza kingesaidia kutofautisha, lakini kwa wengi neno hilo limebaki na nyumba za miti na udongo, zile zinazoitwa mbavu za mbwa zikiwa bado hazijakandikwa.

Ukuta huu wa Mikocheni ni mmoja, hauna kitu kati. Ukuta wa mawe wa Pwani ya kale nao ulikuwa mmoja, ila ulikuwa mnene. Magofu ya Kunduchi na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar yanaonyesha mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, katika kuta ambazo unene wake hufikia nusu mita na zaidi. Unene huo ulichelewesha joto la mchana lisifike ndani. Waashi wa zamani waliweza hata kuuchimbia vidaka, yale matundu ya ukutani yasiyotokea upande wa pili, ambamo viliwekwa taa, vyombo na misahafu. Kwa hiyo wazo la ukuta ulio na nafasi ndani yake si geni kabisa kwa Mswahili. Jambo geni ni nafasi ambayo hakuna anayeiona wala kuitumia, na ambayo hata hivyo ndiyo sababu ya ukuta kujengwa hivyo.

Ukuta wenye kuta mbili unavyofanya kazi

Uingereza, ujenzi huu ulijaribiwa katika karne ya 19 na ukawa wa kawaida katika nyumba za makazi kati ya vita viwili vya dunia. Adui alikuwa mvua inayosukumwa na upepo. Tofali la kuchoma hunywa maji, na ukuta mmoja ukipigwa na mvua siku kadhaa mfululizo, maji husafiri kutoka uso wa nje hadi uso wa ndani, yakaharibu lipu na kuleta ukungu. Waashi wa huko hawakutafuta tofali lisilonywa maji. Waliamua ukuta wa nje uachwe ulowe, ila maji yasipate daraja la kuvukia.

Neno daraja ndilo ufunguo wa somo zima. Maji yakishapenya ukuta wa nje hutiririka kwenye uso wake wa ndani, hushuka hadi chini, na hutoka kupitia vitundu vilivyoachwa kati ya tofali za kozi za chini. Ukuta wa ndani hubaki mkavu kwa sababu hakuna kitu kinachougusa, isipokuwa vile vipande vya chuma vya kuufunga na ukuta mwenzake. Vyuma hivyo ni vya pua au vimepakwa zinki ili visipate kutu, na katikati vina kikunjo au msokoto ambapo tone la maji likifika huanguka badala ya kuendelea na safari. Kwa kawaida huwekwa kila baada ya milimita 900 kwa mlalo na milimita 450 kwa wima, vikipishana kutoka kozi moja ya vyuma hadi nyingine, na kando ya milango na madirisha huwekwa kwa ukaribu zaidi. Kikiinama, kiinamie nje. Kikiinamia ndani kitayaongoza maji kule kule yanakokatazwa kwenda.

Hatari kubwa kuliko vyuma ni udongo wa kujengea, ule mchanganyiko wa mchanga na saruji. Mwashi akibandika tofali, udongo wa ziada hudondoka ndani ya nafasi, hurundikana juu ya vyuma na chini kabisa, na ukikauka huwa daraja. Ndiyo maana fundi makini hutundika ubao mwembamba ndani ya nafasi hiyo, ukiegemea juu ya vyuma, udake madonge yanayoanguka. Kila anapofikia kozi ya kuweka vyuma vingine, huuvuta ubao juu kwa kamba, akausafisha, kisha akaurudisha. Kazi hiyo inachosha, na mkaguzi hawezi kuona iwapo ilifanyika, maana ukuta ukishafungwa juu kosa limezikwa ndani yake. Mwenye nyumba huligundua baada ya misimu kadhaa, doa linapojitokeza katikati ya sebule mahali pasipo na bomba wala dirisha.

Kwenye milango na madirisha kuta mbili hulazimika kukutana, na hapo huwekwa karatasi isiyopitisha maji ili kugusana kwao kusiwe daraja. Juu ya linta karatasi kama hiyo huinamishwa kuelekea nje. Maelezo ya pembe na vipandio yanatofautiana kutoka kitabu hadi kitabu, na hayaathiri istilahi.

Faida ya pili ni joto. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida, hivyo nafasi ile husaidia kuzuia joto la ndani lisitoroke wakati wa baridi. Siku hizi nchi nyingi za baridi huweka mbao nyepesi au pamba maalumu ya kuzuia joto ndani ya nafasi hiyo, na nafasi yenyewe imepanuliwa hadi milimita 100 na zaidi. Jambo hili litarudi hapa chini, kwa sababu linamtia mfasiri majaribuni.

Nafasi hiyo iitweje

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mahali palipo wazi. Kina mengi, na kila moja lina kitenzi chake. Kitenzi ndicho kipimo bora cha kuyatofautisha: msikilizaji akisikia nomino, kitenzi kinachoandamana nayo huja akilini chenyewe, na mkono wa fundi hufuata.

Pengo ni mahali palipokuwa na kitu kikatoka au kikakosekana. Aliyeng'olewa jino ana pengo. Katika taarifa za misiba husemwa kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika, na usemi huo una nguvu kwa sababu pengo, kwa asili yake, hudai kuzibwa. Mwashi anayesoma kwamba kati ya kuta mbili kuna pengo amepewa, bila mfasiri kukusudia, agizo la kulijaza. Hili ndilo neno baya kuliko yote manne.

Tundu hutobolewa, na aghalabu huwa na upande wa kuingilia: tundu la sindano, tundu la ufunguo, tundu la hewa juu ya dirisha. Ukuta wenye matundu utamfanya msomaji wa Dar es Salaam aone zile tofali zilizotobolewa mapambo, zinazowekwa ngazini na vyooni ili hewa ipite. Neno ni sahihi kabisa kwa vitundu vya kutolea maji vya kozi za chini, na litunzwe kwa kazi hiyo. Likitumika kwa vitu viwili ndani ya ukuta mmoja, aya nzima huvurugika.

Ufa haufai hata kujadiliwa, isipokuwa kwa kukumbusha kwamba methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta imewalea wasomaji wote kuamini kwamba kitu chochote kinachoachana ndani ya ukuta ni mwanzo wa kuanguka kwake. Mfasiri anapigana na mazoea hayo hata kabla hajaandika neno la kwanza.

Ombwe hupendwa na wanaotoka kwenye fizikia. Lakini ombwe ni mahali pasipo hata hewa. Chupa ya chai ina kuta mbili zenye ombwe kati yake, na mwalimu anaweza kuitumia kama mfano, mradi aseme wazi kwamba ukutani kuna hewa. Mfano huo husaidia kwa joto. Kwa maji hausaidii kitu.

Uwazi si kosa. Lakini katika michoro ya majengo, uwazi ni nafasi ya mlango au dirisha, mahali ambapo ukuta haupo. Zaidi ya hayo, tangu Rais Benjamin Mkapa alipoufanya Ukweli na Uwazi kuwa wito wa serikali yake mwaka 1995, neno hili limeegemea mno upande wa utawala. Ukuta wenye uwazi unaweza kusomwa kama ukuta unaoonyesha ndani, yaani kinyume kabisa cha ukuta huu unaoficha nafasi yake.

Mvungu na uvungu ni maneno mazuri yanayopuuzwa. Mvungu ni wa kitanda, mahali pa chini yenye kifuniko juu, na methali inamtaka anayekitafuta cha mvunguni ainame. Uvungu ni utupu ulio ndani ya kitu kimoja: mwanzi una uvungu. Kwa sababu hiyo uvungu unalifaa zaidi tofali lile la saruji lililotengenezwa likiwa tupu ndani, ambalo wengi huliita tofali lenye matundu. Hapa yafaa kutoa hukumu: tofali lenye uvungu ni kitu kimoja kilicho tupu, ukuta tunaoujadili ni vitu viwili vilivyoachana. Tafsiri inayovichanganya humpeleka mwanafunzi kununua tofali zisizohusika.

Limebaki mwanya. Mwanya ni nafasi nyembamba kati ya vitu viwili ambavyo vyote vipo. Mfano wake maarufu uko kinywani: mwenye mwanya hakung'olewa kitu, meno yake mawili ya mbele yapo kamili, ila hayagusani, na Pwani hilo huhesabiwa kuwa urembo. Tofauti ya pengo na mwanya, ambayo mtoto huijua kabla ya kwenda shule, ndiyo tofauti ambayo mwanafunzi wa uashi anahitaji kuishika. Mwanya huachwa. Mshonaji huacha mwanya, seremala huacha mwanya ili mlango usikwaruze, na mwashi naye ataelewa kwamba ule wa ukutani umeachwa kwa makusudi na ubakizwe hivyo.

Kuna pingamizi, na si dogo. Magazeti yamezoea kusema kuziba mianya ya rushwa na kuziba mianya ya ukwepaji wa kodi. Katika matumizi hayo mwanya ni upenyo wa mtu mwovu, na huzibwa. Mtafiti anayekusanya mifano kutoka magazetini anaweza hata kudai kwamba kuziba ndicho kitenzi cha kawaida cha mianya. Jibu liko katika umbo: matumizi ya kiutawala hupendelea wingi na huongeza sifa, mianya ya jambo fulani, ilhali maana ya asili husimama katika umoja kati ya vitu viwili vinavyotajwa. Jibu hilo halitoshi kumlinda msomaji peke yake. Mfasiri alisaidie kwa kutumia kitenzi kuacha kila inapowezekana, na mara ya kwanza aandike kwa ukamilifu: mwanya unaoachwa kati ya ukuta wa nje na ukuta wa ndani.

Vipi kuhusu ukuta ambao mwanya wake umewekwa pamba ya kuzuia joto? Hapa ndipo mtu hushawishika kurudi kwenye pengo, kwa kuwa sasa kweli kinajazwa kitu. Asirudi. Kinachojazwa ni kitu maalumu kilichotengenezwa kisipitishe maji kutoka upande hadi upande, na mara nyingi hubakizwa nafasi ya hewa kando yake. Istilahi inayofaa ni mwanya uliowekwa kizuia joto. Kitenzi kuweka hutaja kitu na mahali pake, na hakimfungulii mtu mlango wa kumwaga chochote.

Jani, tai na makosa mengine ya kukariri

Kiingereza huita kila mojawapo ya kuta hizo mbili kwa neno lile lile la jani la mti, na wakati mwingine kwa neno la ngozi. Vyuma vya kufungia navyo huitwa kwa neno lile lile la tai ya shingoni. Hii hapa sentensi ya kubuni, lakini yeyote aliyewahi kusahihisha tafsiri za kiufundi ataitambua:

Jani la nje na jani la ndani hutenganishwa na pengo la milimita 50 na huunganishwa kwa tai za ukuta.

Msomaji wa Kiswahili anaona mti, jino lililong'oka, na ama vazi la ofisini ama ndege mla mizoga. Hakuna neno lolote la Kiingereza lililobaki katika sentensi hiyo, na bado si Kiswahili.

Kwa jani, ukuta unatosha: ukuta wa nje, ukuta wa ndani. Tabaka linapendekezwa na baadhi ya wafasiri, lakini matabaka hulaliana, kama lipu juu ya tofali na rangi juu ya lipu. Ukuta wa matabaka mawili ni ukuta uliopigwa kitu. Palipo na hofu ya kuchanganya na uzio, iandikwe upande wa nje wa ukuta wa nyumba mara moja, kisha ukuta wa nje uendelee.

Kwa vyuma vya kufungia, neno la kwanza kumjia mtu ni kiungo. Tatizo ni kwamba kiungo cha uashi tayari ni mahali tofali mbili zinapokutana kwa udongo, kile ambacho mafundi hukiita jointi. Kamusi zina neno la zamani, gango, wingi magango, lenye maana ya kitu kinachoshika pamoja vitu viwili vilivyoachana, kama kile kinachofungwa kwenye mfupa uliovunjika. Linatokana na ganga, kitenzi kile kile kilichompa mganga jina lake. Gango linaunganisha bila kuondoa umbali, na hiyo ndiyo kazi inayotakiwa. Mafundi wakisema waya, wasisahihishwe kwa ukali; kitabu ndicho kiandike gango na kueleza.

Sentensi ile ile, ikiandikwa upya:

Kati ya ukuta wa nje na ukuta wa ndani huachwa mwanya wa milimita 50, na kuta hizo hushikwa pamoja kwa magango ya chuma.

Imerefuka kwa maneno manne, lakini fundi anaweza kuijenga.

Unyevu upi

Kosa la mwisho si la nomino bali la kuacha kitenzi kazi yake. Vitabu husema kwamba ukuta wenye mwanya huzuia unyevu, na mfasiri huandika hivyo hivyo. Mkazi wa Mikocheni akisoma sentensi hiyo hufikiria unyevu wake mwenyewe: ule unaoanza chini, unaochora mstari wa chumvi futi moja au mbili juu ya sakafu na kubambua rangi kila baada ya masika. Sehemu za kata hiyo ni tambarare, maji ya ardhini hayako mbali, na mvua kubwa za Machi hadi Mei hutuama. Unyevu huo hupanda. Tofali huufyonza kutoka ardhini kama utambi unavyofyonza mafuta, na mwanya hauwezi kuuzuia hata kidogo, kwa sababu kuta zote mbili zimesimama juu ya msingi mmoja.

Unaozuiwa na mwanya ni unyevu unaopenya kutoka ubavuni. Unaopanda huzuiwa na tabaka lisilopitisha maji linalotandazwa juu ya msingi kabla ya kozi za juu, angalau milimita 150 juu ya usawa wa ardhi ya nje. Na hapa neno tabaka liko mahali pake. Nailoni inayotandikwa chini ya jamvi inafanya kazi hiyo hiyo kwa sakafu. Maji ya paani nayo huvuja, na hayo ni habari ya bati na kenchi.

Kupanda, kupenya, kuvuja: vitenzi vitatu, chanzo tofauti, dawa tofauti. Mwenye nyumba anayeambiwa tu kwamba ukuta wake una unyevu anaweza kulipia ukuta wa pili mzima pale alipohitaji tabaka moja la nailoni kwenye msingi. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, ambako kinga ya ukuta dhidi ya mvua ya ubavuni ni paa linalotokeza vizuri, varanda na lipu nzuri, mwalimu anayefundisha ukuta wenye mwanya anafundisha jambo ambalo mwanafunzi atakutana nalo zaidi katika mtihani, katika michoro ya kigeni, au akienda kufanya kazi nje. Hilo lisemwe darasani mapema.

Wingi wake

Umoja ni ukuta wenye mwanya. Wingi unaleta utata mdogo: kuta zenye mianya husikika kama kuta zilizoachana vibaya hapa na pale, kuta za fundi mzembe. Kwa kuwa kila ukuta una mwanya mmoja, iandikwe kuta zenye mwanya, kama watu wanavyosema wasichana wenye mwanya bila kumaanisha kwamba wanachangia mmoja. Mahali pa kuingiza kitu, umbo ni mwanyani: udongo usianguke mwanyani, magango yaliyomo mwanyani, mwanyani mwa ukuta. Na kwa kitenzi cha kutendwa katika maelekezo ya kazi, andika mwanya uachwe, usafishwe, ukaguliwe kabla ukuta haujafungwa juu.